Ziwa Lililopanda kwa Sentimita: Kisa cha Mwambao wa Kigoma, 2019 hadi 2024

Aprili 2020, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani ukaupiga mji wa Uvira kwa usiku mmoja. Mwezi huohuo Ruzizi ulivunja kingo zake ukaifunika Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura. Watu wa huko wanaweza kukutajia hata saa maji yalipoingia. Kigoma hakuna anayeikumbuka saa. Upande huu ziwa lilikuja kidogokidogo: mwezi huu limeloanisha miguu ya chanja cha dagaa, mwezi ujao liko kwenye kizingiti cha ghala, mwaka unaofuata ghala limo majini na mtumbwi unapita palipokuwa njia ya baiskeli. Kufikia Mei 2024, usawa wa Ziwa Tanganyika ulikuwa umekaribia kabisa alama ya kilele cha mwaka 1964, yaani takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari.

Mafuriko ya aina hii huua wachache kuliko ya mto, lakini huharibu zaidi makazi, kwa sababu maji yakishafika hayaondoki baada ya siku tatu. Yanakaa msimu mzima, pengine miaka. Na uchungu wake ni kwamba sehemu kubwa ya hasara ya mialoni ingeweza kuonekana miezi mingi kabla. Haikuonekana kwa sababu ufukwe ulipimwa kwa hatua za miguu, wakati ziwa hupanda kwa kimo.

Hesabu ya mapato na matumizi

Ziwa Tanganyika lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 32,900. Ili lipande sentimita moja tu linahitaji kupokea takriban mita za ujazo milioni 329 zaidi ya zile linazopoteza. Mvua moja kubwa ya Kigoma, hata ile inayofunga barabara, haiwezi kulitikisa. Kinacholipandisha ni msimu mzima wa mvua kuzidi katika bonde lote: Burundi, mashariki ya Kongo, kaskazini ya Zambia, na upande wetu mpaka Tabora, kupitia mito ya Ugalla na Moyowosi inayokusanya maji na kuyapeleka Malagarasi, mto unaoingia ziwani.

Upande wa kupoteza, mlaji mkuu ni jua. Takriban mita moja na nusu ya maji hupaa kuwa mvuke kila mwaka, na sehemu kama tisa kwa kumi ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kwa njia hiyo. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia karibu na Kalemie na kwenda kuungana na Lualaba. Wengi husema Lukuga ufunguliwe zaidi na ziwa litashuka. Tufanye hesabu. Mto unaotoa mita za ujazo 100 kila sekunde, usiku na mchana, mwaka mzima, unatoa jumla ya mita za ujazo bilioni 3.15. Gawa kwa eneo la ziwa: ni chini ya sentimita 10. Kwa hiyo msimu ukiacha ziada ya sentimita 40, Lukuga hauwezi kuimaliza kabla mvua nyingine hazijaanza. Ziada inabebwa kwenda mwaka wa pili, na mvua mpya zinaanzia juu ya deni la zamani.

Hiyo ndiyo siri ya 2019 hadi 2024. Mwishoni mwa 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipata joto kuliko upande wa Indonesia, hali ambayo wataalamu huiita Dipoli ya Bahari ya Hindi, na ile ya 2019 ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote zilizowahi kupimwa. Mvua zilizidi ukanda mzima. Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya 1964 Mei 2020 kwenye kipimo cha Jinja. Mwishoni mwa 2023 hali hiyo ilirudi, safari hii pamoja na El Niño. Katikati ya vipindi hivyo viwili ilipita miaka yenye nafuu, lakini mwaka wa mvua za kawaida haurudishi ziwa lilipokuwa. Unalizuia tu lisizidi kupanda.

Ndani ya mwaka mmoja ziwa lina pumzi yake. Linaanza kupanda mvua zinapoanza mwezi wa kumi na moja, linafika kileleni karibu na mwezi wa tano, kisha linashuka kiangazi chote mpaka mwezi wa kumi. Tofauti ya juu na chini huwa pungufu kidogo ya mita moja. Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Mvua za Kigoma zinapokatika, mtu anaona hatari imepita, anaanza kurudisha mali chini ufukweni. Wakati huo maji ya Malagarasi bado yako njiani: mabwawa na matindiga ya Moyowosi na Malagarasi huyashika kama sifongo na kuyaachia taratibu, wiki baada ya wiki. Na wakati ziwa liko kwenye kilele chake ndipo upepo wa kusi wa kiangazi unapoanza kuvuma. Maji ya juu kabisa yanakutana na mawimbi makali kabisa. Nyumba nyingi za mwambao huanguka siku ya jua na upepo, mawingu hayapo.

Ujiji, 1871 hadi 1894

Aliyedhani kwamba 2024 ni jambo geni aulize historia ya Ujiji, kwa sababu pale ndipo ziwa hili lilipoandikwa kwa mara ya kwanza.

Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, sokoni palikuwa na michikichi mitatu. Aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba michikichi ileile ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, kama futi 100 kutoka ukingoni, na mchanga waliotembelea wawili hao ulikuwa umezama. Miaka mitano tu. Cameron, mpelelezi Mwingereza, alikuwa amefika Lukuga mwaka 1874 akasema huo ndio mlango wa ziwa. Stanley alipofika hapohapo 1876 alikuta mafunjo na tope, maji yamelala. Wote wawili walisema walichokiona: mlango ulikuwepo, ila ulikuwa umezibwa kwa udongo na mafunjo yaliyokua wakati ziwa likiwa chini, na ziwa lilikuwa likijaa nyuma ya kizibo hicho.

Karibu na mwaka 1878 kizibo kikaachia. Edward Coode Hore, mmisionari aliyekuwa baharia na aliyekuwa akiishi Ujiji, alipima kushuka kwa maji kwa alama alizoweka ufukweni, kisha akaenda kujionea Lukuga mwaka 1879 na kuukuta unakwenda kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limefika karibu mita 783 hadi 784. Kufikia mwaka 1894 lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10.

Mita 10 ndani ya miaka 16. Hakuna mvua wala kiangazi kinachoweza kufanya hivyo peke yake. Ni mlango uliofunguka baada ya kuziba. Ndiyo maana mnara wa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji, na mgeni anashangaa akiambiwa kwamba hapo ndipo palipokuwa jirani na pwani. Eneo tambarare lililo kati ya mnara na ziwa ni ardhi iliyoachwa na maji katika miaka hiyo. Ni ardhi nzuri, ina rutuba, inalimika, inajengeka kwa urahisi. Na ni ya ziwa.

Kupanda kwa pili kulikuwa mwaka wa Uhuru. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilikuwa kubwa ajabu Afrika Mashariki yote, zikafuatwa na misimu mingine mizito, na Ziwa Tanganyika likapanda takriban mita mbili hadi kilele cha 1964. Baada ya hapo lilishuka polepole kwa miongo kadhaa, likipandishwa kwa muda na El Niño ya 1997 na 1998, kisha likaendelea kushuka. Mtu aliyezaliwa Katonga mwaka 1985 amekua akiona ufukwe ukipanuka. Malalamiko ya siku zile yalikuwa kwamba ziwa linakauka, bandari zinakosa kina, mlango wa Lukuga uzuiwe. Huyo mtu alipojenga mwaka 2008 hakuwa mjinga. Alijenga kwa kumbukumbu aliyokuwa nayo. Kasoro ni kwamba kumbukumbu ya miaka 25 haitoshi kwa ziwa lililochukua miaka 60 kurudi kwenye kilele chake cha 1964.

Mita sitini za nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni sheria njema na bila hiyo hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini mita 60 hizo hupimwa kwa ulalo wa ardhi, na ziwa halisomi ulalo.

Chukua ufukwe wenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita moja, jambo la kawaida kwenye fukwe za mchanga na kwenye tambarare ya mto Luiche. Mita 60 kutoka ukingoni, umepanda mita 1.2 tu. Ziwa likipanda mita moja na nusu, aliyetii sheria barabara anakuwa ndani ya maji kwa sentimita 30. Sasa chukua mwamba wenye mteremko wa mmoja kwa mbili, kama ilivyo kwenye vilima vinavyoingia ziwani kusini ya mji. Mita 10 tu kutoka ukingoni uko mita tano juu, salama hata kwa kilele cha 1964 na mawimbi yake. Mmoja amekatazwa bila sababu ya mafuriko, mwingine ameruhusiwa azame.

Kuna swali jingine ambalo halijibiki kwa futi kamba: ukingo upi? Ukingo wa Oktoba au wa Mei? Wa 2006 au wa 2024? Kwenye ufukwe wenye mteremko wa sentimita 2, ziwa likishuka mita moja ukingo unarudi nyuma mita 50. Mtu anaweza kupimiwa kiwanja halali kiangazi cha mwaka mkavu, na kiwanja hichohicho kikawa ndani ya ziwa bila yeye kusogeza jiwe.

Maji hutangulia chini

Kosa lililorudiwa mara nyingi ni kungoja maji yaonekane. Kwenye ufukwe wa mchanga, maji ya ardhini yako karibu sawa na ziwa. Ziwa likipanda sentimita 50, nayo yanapanda sentimita 50 chini ya nyumba ambayo bado ina uwanja mkavu wa mita 20 mbele yake.

Wa kwanza kuonyesha ni choo cha shimo. Shimo la mita 3 ambalo mdomo wake uko mita 2 juu ya ziwa lina mita nzima ya maji ndani. Dalili ziko wazi: shimo linajaa haraka kuliko idadi ya watumiaji, inzi wanaongezeka, ukitupa kijiwe unasikia mlio wa maji badala ya kishindo. Siku hiyo choo hicho tayari kinaongea na kisima cha jirani. Kanuni inayotumika ni sakafu ya shimo kuwa angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini na kisima kuwa umbali wa mita 30. Ziwa likipanda, choo kilichojengwa kwa kufuata kanuni kinaivunja chenyewe. Kigoma inaujua ugonjwa wa kipindupindu kwa muda mrefu, kwa hiyo hili lisichukuliwe kama usumbufu mdogo. Shimo linalokaribia kujaa kwa sababu hii lifungwe mapema: chokaa, kisha udongo mkavu uliokandamizwa, kabla maji hayajafika juu. Ukichelewa ukalifunga likiwa limefurika, unachofanya ni kusukuma uchafu wote pembeni. Choo cha muda kijengwe juu ya ardhi, chumba cha kinyesi kikiwa cha tofali zilizopigwa plasta ya saruji ndani, ngazi tatu au nne za kupandia. Na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hata kama kisima kinaonekana kisafi.

Wa pili ni ukuta. Tofali mbichi likiloa mguuni hupoteza nguvu ndani ya siku chache, na ukuta hukaa chini kama uji. Tofali la kuchoma lililojengwa kwa tope hudumu zaidi kidogo, ila tope la katikati hulainika na kona ndiyo hupasuka kwanza. Nyumba ya tofali na saruji huweza kusimama majini miezi, na hapo mwenye nyumba hudanganyika. Kinachoiua ni wimbi: kila pigo linachomoa mchanga kidogo chini ya msingi, mpaka msingi unaning'inia. Ukiona ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha kushuka chini, watu watoke siku hiyohiyo.

Kisha kuna viroba vya mchanga. Vilipangwa vingi, kwa juhudi kubwa, na vingi havikusaidia, na inafaa kueleza kwa nini. Kwanza, maji ya ziwa yanapita chini ya viroba kupitia mchanga, kwa hiyo ndani hujaa sawasawa na nje. Viroba huzuia wimbi, haviwezi kuzuia ziwa. Pili, vilipangwa wima kama ukuta. Wimbi likigonga ukuta wima hurudi kwa nguvu na kuchimba pale chini, na safu nzima huinamia mbele. Tatu, vilijazwa mpaka juu vikawa kama mpira, vikaacha matundu kati yao. Kiroba kijazwe theluthi mbili, mdomo ukunjwe na kulaliwa chini, vipangwe kama tofali kwa kupishana viungo. Kitako cha tuta kiwe mara tatu ya kimo chake: tuta la sentimita 60 linataka kitako cha mita 1.8. Mbele ya kitako yawekwe mawe makubwa. Na viroba vya plastiki huoza kwa jua ndani ya miezi michache, vinachanika, mchanga unamwagika. Kwa wimbi la wiki mbili vinafaa. Kwa ziwa linalokaa juu miaka minne, nguvu hiyo ingetumika kuhamisha mabati, milango na chanja.

Tuongeze mifereji, kwa sababu inasahaulika. Ziwa likipanda, mdomo wa Luiche na midomo ya makorongo ya mjini inazama, na maji ya mvua yanakosa pa kushukia. Mvua ambayo zamani ingekauka kwa saa mbili sasa inakaa mashambani siku kadhaa, mbali kabisa na ufukwe. Mkulima wa mpunga aliye kilomita moja kutoka ziwani anapigwa na ziwa bila kuliona.

Kupima kizingiti chako

Kipimo hiki kinafanywa na watu wawili kwa asubuhi moja, na vifaa vyake vipo kwa fundi ujenzi yeyote: mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani, wenye urefu wa mita 20 hivi, futi kamba, vigingi na penseli. Usitumie simu. Kimo kinachosomwa na simu kinaweza kukosea mita nyingi, na hapa tunatafuta sentimita.

Nenda alfajiri, ziwa likiwa limetulia kabla ya upepo. Chomeka kigingi penye ukingo na weka alama sawa na uso wa maji. Jaza mpira maji polepole kutoka upande mmoja mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja lililonasa katikati linakupa kosa la sentimita kadhaa na hutalijua. Mmoja ashike ncha kwenye kigingi, mwingine apande mpaka mpira unapoishia, achomeke kigingi cha pili. Inueni ncha zote mbili, mkitoa vidole vilivyoziba midomo ya mpira, mpaka maji yatulie. Mistari ya maji pande mbili sasa iko sawa. Pima kutoka alama ya chini mpaka mstari wa maji kwenye kigingi cha kwanza, kisha kutoka ardhini mpaka mstari wa maji kwenye kigingi cha pili. Toa cha pili kwenye cha kwanza: huo ndio mwinuko wa hatua hiyo. Andika. Endeleeni kigingi kwa kigingi mpaka kwenye kizingiti, kisha rudini mpaka ziwani kwa njia nyingine. Jumla mbili zikitofautiana zaidi ya sentimita 2 au 3, kuna povu au kuna aliyesoma vibaya, rudieni.

Siku hiyohiyo ulizia usomaji wa kipimo cha ziwa katika ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, mjini Kigoma, na uombe uelezwe sifuri ya kipimo iko wapi. Hili ni la lazima. Vipimo vya Kigoma, Bujumbura na Kalemie havikuwekwa vyote kwa sifuri moja, na kuchukua namba ya bandari moja ukaijumlisha na ya nyingine kunakuletea kosa kubwa kuliko wimbi. Anayetaka kufuatilia mwenendo wa miaka anaweza pia kutumia vipimo vya setilaiti, ambavyo vimekuwa vikisoma uso wa maziwa makubwa tangu 1992 na hutolewa bure; kwa mwenendo vinatosha, kwa kizingiti havitoshi.

Jumlisha kimo cha sifuri ya kipimo juu ya usawa wa bahari, usomaji wa siku na mwinuko uliopima. Ukipata, kwa mfano, 778.2, kizingiti chako kiko mita 1.2 juu ya kilele cha 1964. Toa sentimita 50 za wimbi ufukwe ukiwa wazi kwa kusi, 30 ukiwa ndani ya ghuba. Kinachobaki ndicho ulicho nacho. Ukipata chini ya 777, jengo hilo liwe la kuhamishika: nguzo na mabati ya kufunguliwa kwa bolti, chanja za dagaa za miti, mashine ya barafu juu ya jukwaa la nguzo, waya za umeme na swichi zipite juu ya kimo cha bega. Choo na kisima visijengwe hapo kabisa.

Kwa mialo ambayo maji yameanza kurudi nyuma, kazi ya kwanza itangulie kufagia na kupaka rangi. Ziwa limeacha mstari wa tope na ukoga kwenye kuta, kwenye mashina ya miembe, kwenye nguzo za gati. Mstari huo ukioshwa na mvua za kwanza umepotea. Upigwe patasi kwenye ukuta wa mawe au kwenye nguzo ya zege, mkato wa sentimita 10, na mwaka uandikwe pembeni, kama Hore alivyoweka alama zake ufukweni Ujiji. Mahali pafaapo ni palipo mbele ya macho ya wanaogawa viwanja: ofisi ya serikali ya mtaa, soko la mwalo, ukuta wa shule. Kisha mwinuko wa mkato huo upimwe kwa mpira uleule, uandikwe kwenye kitabu cha mtaa pamoja na usomaji wa kipimo cha ziwa wa siku hiyo.